Kivumbasi, kutoka mifongo ya Uru hadi msitu wa Kakamega

Barabara inayopanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru hupita katikati ya vihamba vya migomba na kahawa, na kila inapokatana na mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, pale penye unyevu ambapo jembe halifiki, kivumbasi kimejiotea. Hakivuti macho. Ni kichaka cha kimo cha kiuno, mara nyingine kinampita mtu mzima. Shina lake lina pembe nne, kama ilivyo kwa mimea ya jamii ya mnanaa, majani yana vinyweleo laini vinavyoyatia rangi ya kijivu, na maua madogo meupe yenye uzambarau wa mbali yamepangana ngazi kwa ngazi kwenye kikonyo kirefu. Nyuki huyashughulikia tangu jua linapopata nguvu. Mpita njia akikigusa tu kwa pindo la nguo, harufu ya kafuri inampanda puani papo hapo.

Wataalamu wa mimea wanakiita Ocimum kilimandscharicum, kwa jina la Mlima Kilimanjaro, ambako Uru ipo. Aliyelichapisha jina hilo ni Mjerumani Max Gürke, aliyekuwa akifanya kazi Berlin mwishoni mwa karne ya 19. Kwenye vihamba hivyo hivyo kipo kingine, Ocimum gratissimum, ambacho vitabu vya zamani vilikiita Ocimum suave. Hicho ni kirefu zaidi, shina lake hukomaa kama mti na majani yake ni mapana. Watu wengi huviita vyote viwili kivumbasi, lakini pua haivichanganyi. Cha kwanza kimejaa kafuri, ile ile ambayo Waislamu wa pwani huitumia wanapomkafini maiti. Cha pili mara nyingi kina eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Unguja na Pemba ukali wake, na anayetafuna jani lake huhisi ganzi kidogo kwenye ulimi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kafuri ya asili ilitoka zaidi Taiwan, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Japani, na nchi nyingi zikawa zinatafuta mahali pengine pa kuipata. Kivumbasi cha Kilimanjaro kilishavuka bahari. India hukilima hadi leo na kukiita kapur tulsi. Huku kwetu kimebaki mmea wa ukingoni mwa shamba. Nilitaka kukifuata kupitia mikono ya watu wanaokitumia, kuanzia mlimani kilikopewa jina hadi magharibi mwa Kenya, ambako kimepimwa na watafiti na kutiwa kwenye vikopo.

Bibi aliyenipokea Uru hajioni mganga na hakuna anayemwita hivyo. Ni mkulima aliyelea watoto na wajukuu. "Karibu mwanangu, keti," alisema baada ya kuitikia shikamoo, kisha akatoka na kisu kidogo bila kueleza anakwenda wapi. Alichagua matawi ya juu tu, yale ambayo maua yake ya chini yamefunguka na ya juu bado yamefumba. Alikuwa amesubiri umande ukauke. Majani yaliyolowa, alieleza, huoza upesi yakiwekwa ndani, na yaliyopigwa na jua la mchana hupoteza nguvu. Matawi yaliyozaa mbegu aliyapita. Hayo huachwa yadondoshe mbegu zake, mvua zijazo kichaka kiwe kimejizalisha chenyewe.

Kisha akaonyesha jinsi anavyomfukiza mtu mwenye mafua na kifua kilichobana. Maji yanachemshwa kwanza peke yake. Sufuria inaepuliwa, inawekwa chini, ndipo majani yanapotiwa yakiwa yamepondwapondwa kwa viganja, na mfuniko unarudishwa kwa muda mfupi. Anayechemsha majani tangu mwanzo, alisema, analifukizia paa la jiko. Mgonjwa hukaa kwenye kigoda, hufunikwa khanga mbili, mfuniko ukafunuliwa kidogo kidogo. Macho yanafumbwa, pua na mdomo vinavuta. Akianza kutokwa jasho jingi anafunuliwa, anafutwa, anavaa nguo kavu na haendi kwenye upepo.

Mtoto mdogo hafukiziwi kwenye sufuria hata siku moja. Hapo bibi alikaza sauti. Kwa mtoto aliyeziba pua, majani machache hufikichwa na kuwekwa kwenye kitambaa karibu na anapolala, basi. Na mtoto mwenye homa hupelekwa zahanati akapimwe damu kwanza, kwa sababu homa inaweza kuwa malaria, na mvuke hauponyi malaria.

Tahadhari hizo zina uzito. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, nyungu zilifunikwa kila mtaa wa Tanzania, na watu waliokuwa hawajawahi kujifukiza walijifunika mablanketi juu ya maji yanayotokota. Majani waliyajua. Mpangilio aliokuwa nao bibi huyu, wa maji kwanza na majani baadaye, wa nani afunikwe na nani asifunikwe, wengi hawakuujua. Ufukizo hauponyi korona, na maji yale yanaunguza.

Nyumbani kwa bibi huyo kivumbasi hufanya kazi nyingi zaidi ya kutibu. Chini ya kuku anayeatamia kuna tandiko la matawi mabichi linalobadilishwa kila yanaponyauka, ili utitiri usimwinue kuku kwenye mayai. Maharage yaliyokauka huhifadhiwa kwenye pipa yakiwa yamechanganywa na majani makavu yaliyosagwa. Matawi marefu hufungwa pamoja yakawa fagio la kufagilia banda la mbuzi. Mtu akiumwa na mdudu, jani hufikichwa na kupakwa hapo hapo. Na jioni za masika, matawi kadhaa huning'inizwa mlangoni na karibu na kitanda.

Hilo la mwisho linaeleweka vizuri zaidi ukishuka bondeni. Chini ya mji wa Moshi, Mabogini na Chekereni, kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mpunga ulileta chakula na fedha, na maji yaliyotuama yakawa mazalia ya mbu. Mwaka 2008, Eliningaya Kweka na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mimea ambayo wakazi wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania huitumia kufukuza mbu. Vivumbasi vyote viwili vilikuwamo, pamoja na mwarobaini, mkaratusi na ule mmea wa ua wenye maua ya rangi mbalimbali, Lantana camara, ambao umetoka Amerika na kuvamia nchi nzima. Watafiti hawakuanzia kwenye orodha ya kemikali. Waliuliza watu kwanza, kisha wakapima.

Basi la kwenda Nairobi kupitia Namanga, kisha basi la usiku hadi Kisumu, havina la kusimulia hapa. Kutoka Kisumu matatu hupita Bondo hadi Luanda Kotieno, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na feri huvusha watu, pikipiki na magunia ya omena, yaani dagaa, hadi Mbita. Hapo kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kinachoitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Ng'ambo ya daraja fupi ni kisiwa cha Rusinga.

Rusinga ina mbu wa kutosha. Jua linapozama, wadudu wa ziwani hupanda angani kwa mawingu, na baada yao huja wanaouma. Mtafiti Aklilu Seyoum na wenzake walipokuja kuwauliza wakazi wa kisiwa hiki na wa Rambira, jamii nyingine ya magharibi mwa Kenya, wanawafukuzaje mbu, walijibiwa kwa majina ya mimea: kivumbasi cha aina zaidi ya moja, Lantana camara, mwarobaini na bangi mwitu, ule mmea wenye harufu kali unaoitwa Tagetes minuta. Wengi walisema huichoma. Wengine huiweka tu chumbani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 ndiyo yaliyonileta huku. Watafiti walijenga vibanda vidogo ndani ya nyumba kubwa za wavu, wakaweka watu wa kujitolea, wakaachilia mbu wa Anopheles gambiae waliokuzwa maabara, wasio na vimelea. Mmea mzima wa Ocimum americanum, kivumbasi kidogo cha porini, ulipowekwa ndani ukiwa hai kwenye chungu cha udongo, mbu walioweza kuuma walipungua kwa karibu asilimia 40. Haukuchomwa wala kupondwa. Majani ya vivumbasi viwili vya mlimani yalipopashwa moto juu ya bamba la chuma, bila kuguswa na moto wenyewe, mbu walipungua kwa zaidi kidogo ya nusu. Yalipotupwa kwenye makaa na kuungua, kazi ilipungua sana.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Nguvu ya kivumbasi imo kwenye mafuta yaliyohifadhiwa katika vifuko vidogo mno juu ya jani. Joto la wastani hupasua vifuko hivyo na kuyatoa mafuta yakiwa mvuke mzima. Moto huyaunguza pamoja na jani, na kinachobaki zaidi ni moshi, ambao huumiza macho na vifua vya waliolala humo, hasa watoto.

Mama mmoja wa Rusinga alinionyesha anavyofanya jikoni kwake baada ya ugali na omena kuiva. Makaa ya jiko yalikuwa yamefifia, yamevaa majivu. Alichukua mfuniko wa bati wa kopo la rangi, wa zamani, uliopigwa ukawa bapa, akauweka juu ya jiko. Akasubiri. Akadondosha tone la maji juu yake kwa ncha ya kidole, likachemka polepole bila kuruka. Ndipo akatandaza majani mabichi, tabaka moja tu. Hayakutoa moshi. Yalijikunja pembeni, yakawa ya kijani kilichoiva, na chumba kikajaa harufu. Alipoona ukingo wa jani moja unaanza kuwa mweusi, aliyaondoa yote kwa kijiti na kuweka mengine. Nilimuuliza amejifunzia wapi. "Kwa dani," alisema, yaani kwa bibi yake. "Alikuwa akituambia, ukiona moshi umeshaharibu dawa."

Dani yule hakuona kibanda cha wavu wala hakuhesabu mbu. Alijua kilichopimwa baadaye kwa vyombo. Ninaamini hapa ndipo maandishi mengi kuhusu dawa za asili yanapokosea. Huorodhesha jina la mmea, huorodhesha maradhi, yakaishia hapo, na msomaji akatoka akidhani ujuzi ni kujua kwamba kivumbasi hufukuza mbu. Ujuzi ni lile tone la maji juu ya bati. Bila hilo mtu atachoma majani, atakohoa usiku kucha, na asubuhi atasema mambo ya wazee ni uongo.

Mama huyo hulala ndani ya chandarua chenye dawa, pamoja na watoto. Kivumbasi anakitumia kwa zile saa za jioni ambazo watu bado wameketi, wanapika, wanasoma, na chandarua hakiwezi kuwafunika. Kupunguza nusu ya mbu ni msaada mkubwa kwa saa hizo. Kwa usiku mzima, nusu iliyobaki inatosha kuleta malaria.

ICIPE ilipima pia kazi ya ghalani. Katika miaka ya 1990, mwanakemia Ahmed Hassanali na wenzake walijaribu majani na mafuta ya vivumbasi dhidi ya fukusi wa mahindi na wadudu wengine wa nafaka, wakaona yanaua na kufukuza, na kwamba nguvu hushuka kadiri mafuta yanavyopaa hewani. Kwa hiyo bibi wa Uru, anayekausha majani yake kivulini na kuongeza mapya kwenye pipa kila mara, anafanya inavyopaswa. Dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania miaka ya 1970 na ambaye wakulima walimpa jina la Scania, ni mkali kuliko fukusi, na kukiachia kivumbasi peke yake kazi hiyo ni kuhatarisha akiba ya mwaka.

Kutoka Kisumu hadi Kakamega ardhi hupanda na kuwa ya kijani, chai na mahindi na nyumba zilizokaribiana sana. Mashariki ya mji ndipo ulipo msitu. Ni sehemu iliyosalia ya misitu iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, na wanaoishi kando yake ni miongoni mwa watu waliosongamana zaidi katika vijiji vya Kenya. Kwa miaka mingi msitu umewapa kuni, malisho, mbao na dawa, na kwa miaka hiyo hiyo umekuwa ukipungua.

Upande wa Isecheno, kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru Farmers Conservation Group, kilichoundwa mwaka 1997, kiliamua kukitoa kivumbasi cha Kilimanjaro porini na kukipanda mashambani. Waluhya wa huko hukiita mwonyi na walikuwa wakikitumia tangu zamani kwa mafua na maumivu. Kwa ushirikiano na ICIPE na Chuo Kikuu cha Nairobi walijifunza kukamua mafuta kwa mvuke na kuyatengenezea dawa ya kupaka iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na bodi ya serikali ya Kenya inayosimamia dawa. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazolinda viumbe hai huku zikijipatia riziki.

Wazo lao limesimama vizuri. Aliye na mwonyi shambani haingii msituni kuukata, na anayepata fedha kutokana na mmea wa msitu ana sababu ya kuutaka msitu uwepo. Mitambo ya mvuke yenyewe si ya ajabu. Majani hujazwa kwenye tangi, maji huchemka chini, mvuke hupita katikati ya majani na kubeba mafuta, kisha hupozwa kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi. Mwishoni maji na mafuta hujitenga vyenyewe, mafuta yakielea juu. Majani mengi mno huingia, mafuta machache hutoka. Ni kanuni ile ile ya bati la Rusinga, ila mvuke haupotei chumbani.

Mafuta hayo hayanywewi. Kafuri iliyokolea ikimezwa, hata kwa kiasi kidogo, inaweza kumtia mtoto degedege, na kuna watu wanaouza mafuta ya kila namna sokoni kwa maneno kwamba matone machache kwenye chai hutibu kila kitu. Jani moja kwenye maji moto na tone la mafuta yaliyokamuliwa haviko sawa hata kidogo. Mama mjamzito naye hushauriwa akae mbali nayo.

Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayozitaka serikali za kaunti ziweke rejista ya maarifa hayo. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, ambayo iliunda baraza la kusajili waganga. Zote mbili ni hatua njema. Lakini bibi wa Uru si mganga wa kusajiliwa na hatafuti kuwa mmoja, na mama wa Rusinga hajaulizwa na ofisi yoyote. Rejista ikiandika "mwonyi, mafua" itakuwa imeandika kidogo sana. Ningependa maofisa wa kaunti wakae jikoni, waandike kipimo cha joto, saa ya kuchuma, nani asitumie na kwa nini, na waliosema watajwe majina kama wanaridhia. Maarifa yaliyoandikwa hivyo yanaweza kupimwa, kusahihishwa na kulipiwa.

Karibu na Isecheno, kukhu mmoja, yaani bibi wa Kiluhya, alinipeleka kwenye shamba lake, "mulembe" ya salamu ikiwa bado mdomoni. Mistari ya mwonyi ilipita kati ya mahindi na mpaka wa jirani. Anaupanda kwa miche iliyooteshwa kitaluni, kwa sababu mbegu ni ndogo kama unga na zikimwagwa shambani mvua huzizika. Kuvuna ni mara kadhaa kwa mwaka, na wakati wa kuvuna hakati hadi chini. Huacha shina la urefu wa kiganja hadi kiwiko, lenye majani machache, ili lichipue upya. Vijana waliomsaidia msimu uliopita walikata karibu na ardhi wakitaka kujaza magunia haraka, na mstari mzima ukakauka. Sasa hukata yeye mwenyewe, wao hubeba. Mstari wa pembeni kabisa hauvuni. Ameuacha utoe maua, na juu ya mti wa jirani ametundika mzinga.